Kizunguzungu cha baba

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole sana kwa ugonjwa wa baba. Nilipopata habari kwamba ana ugonjwa wa Ménière niliishiwa nguvu, maana mama yangu anaishi nao mwaka wa 9 sasa.

Na sisi tulianza kwa kusingizia presha. Mama alikuwa barazani anapepeta mchele, mara akauachia ungo na kuung'ang'ania mkeka kwa mikono miwili, kama mtu aliye ndani ya ngalawa. "Nishikeni, nyumba inazunguka!" Mchele wote chini. Akatapika, akalala ubavu saa tatu nzima, macho kayafumba. Miezi ikapita tunapima presha tu, na presha iko sawa, hadi daktari wa masikio alipomuuliza sikio linakuwaje kabla ya kizunguzungu. Mama akajibu, "Linajaa kama nimezamia, kisha linavuma kama mashine ya kusaga." Kumbe ndani ya sikio mna maji yake, na ya mama yamezidi. Prosper Ménière, daktari wa Paris, alishasema tangu 1861 kwamba kizunguzungu cha namna hii hutoka sikioni, si kwenye ubongo.

Miaka ya mwanzo kilimjia ghafla, pengine dakika 20, pengine nusu siku, kisha wiki kadhaa yu mzima na anasikia vizuri. Mwaka wa 6 kikapungua. Tulifurahi mno, tukasoma na dua. Shoga, hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya barua hii. Hakupona. Sikio lilikuwa limechakaa, halina tena nguvu ya kuleta ile fujo. Usikivu wa kushoto haukurudi, na nyumba ilipoacha kuzunguka, mama akaanza kupepesuka. Mchana macho humsaidia. Gizani hana msaada. Umeme umekatika, saa tisa za usiku, akaangukia mlango wa choo, akavunjika mkono. Hilo mpaka leo linaniuma, kwa kuwa nilishalegeza uangalizi.

Kwa hiyo baba akikwambia siku hizi hajambo, mshukuru Mungu, lakini taa ya chaji isiondoke kitandani kwake, vijizulia viondoe njiani, na bafuni mfungie bomba la kushikia. Wengine huanguka puu bila dalili yoyote, na akili zao timamu. Apimwe usikivu mara kwa mara, masikio yote mawili, kwani miaka ikienda la pili nalo linaweza kuingia. Chumvi daktari atamwambia apunguze. Kwetu vita ilikuwa papa mkavu. Ila akipata kizunguzungu na mdomo ukapinda, ulimi ukawa mzito au upande mmoja ukalegea, hicho huenda ni kiharusi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Tena usimkasirikie akikaa kimya ukimwita. Mimi nilinuna siku nyingi kabla sijatambua kuwa namwita upande wa sikio bovu. Sasa tukila nakaa kuliani kwake, na hadithi zake za Pangani zimerudi.

Nijulishe baba ni sikio lipi. Nikija baada ya Idi nataka nijue nikae upande gani.

Wako,
Shoga yako wa Tanga