Sam Ntiro alikuwa mchoraji kabla ya kuwa balozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke marehemu Sam Joseph Ntiro, mchoraji aliyezaliwa Machame, mkoani Kilimanjaro, mwaka 1923, na kufariki dunia mwaka 1993. Wapo wanaomkumbuka kwa sababu Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 yeye ndiye aliyetumwa London kuiwakilisha nchi changa, akashika wadhifa huo hadi mwaka 1964, na ni haki akumbukwe kwa kazi hiyo. Hata hivyo cheo kimemfunika mwenye cheo. Vijana ninaokutana nao hapa Moshi, hata wale wanaosomea uchoraji, wakimjua Ntiro wanamjua Ntiro wa ubalozi, na wengi wao hawajaona hata nakala ya picha yake moja.

Ntiro alisomea Chuo cha Makerere katika miaka ya 1940, wakati ambapo Margaret Trowell alikuwa akiongoza masomo ya sanaa aliyoyaanzisha mwaka 1937 kwa darasa dogo kwenye baraza ya nyumba yake. Mama huyo hakutaka wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya. Aliwasimulia tukio, kisha akawaachia walichore kama walivyoliona wenyewe akilini. Ntiro alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo, na baadaye akawa mwalimu hapo hapo Makerere. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, ambako mwanafunzi alifundishwa kuchora mwili wa binadamu kwa vipimo, kugawa mwanga na kivuli, na kuufanya ukuta wa mbali uonekane uko mbali kweli.

Aliporudi Afrika Mashariki aliendelea kuchora kama alivyokuwa akichora kabla ya safari. Mlima wake uliendelea kusimama wima kama pazia nyuma ya migomba, watu wake waliendelea kuwa wadogo na wengi, bila sura za kumtofautisha huyu na yule, na aliyeko mbali mara nyingi alionekana wazi sawasawa na aliyeko karibu. Wapo waliosema kwamba London haikumfundisha kitu. Mimi nasema alijifunza yote, akapima, akachagua. Mtu aliyepita Slade alijua vizuri namna ya kuchora uso wa mtu mmoja hadi mshipa wa shingo. Kama hakufanya hivyo, ni kwa sababu alichotaka kukionyesha hakikuwa mtu mmoja.

Chukua mfano wa picha ya mwaka 1956, aliyoichora baada ya kurudi kutoka Slade, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Ni picha ya rangi ya mafuta, wala si kubwa. Mtu angeweza kuibeba kwapani. Aliyekulia Uchaggani haihitaji kufafanuliwa. Anajua kwamba mbege hiyo imeanza siku nyingi kabla ya usiku huo, ndizi mbivu zikachemshwa na kuachwa, ulezi ukalowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji, na gamba la mti wa msesewe likatafutwa ili kuleta ule uchungu wake. Anajua pia kwamba mazungumzo ya ndoa hayaanzi midomo mikavu, na kwamba ukoo unaokwenda kwa wakwe hautumi mtu mmoja. Ntiro aliyaweka yote hayo katika kitambaa kidogo cha turubai, bila kuandika neno hata moja.

Picha hiyo ilinunuliwa mwaka 1960 na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, ambayo ni moja ya hazina kubwa za sanaa duniani, na hadi leo imo katika orodha ya mali zake. Naomba wasomaji wautafakari mwaka huo. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru, na tayari mbege ya Uchaggani ilikuwa imeingia katika jumba hilo la New York kwa mkono wa kijana wa Machame. Sisi tunaohimizwa kila siku kuitangaza nchi yetu nje tungepaswa kulijua jambo hili tangu shule ya msingi.

Mada yake nyingine kubwa ilikuwa kazi ya pamoja. Alichora watu wakilima, wakipasua kuni, wakivuna, wakikutana sokoni, na karibu kila mara wako kundi zima. Wazee wetu waliita kazi ya namna hiyo msaragambo. Maji ya mito ya mlimani yalishushwa hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, kwa mifereji, ile tunayoiita mifongo, iliyochimbwa kwa jembe kufuata mkunjo wa mteremko, na mfongo ulipobomoka baada ya mvua watu walitoka kuuziba pamoja, kwa sababu aliyekaa chini hakuweza kupata tone kama aliyekaa juu hakushika jembe. Ninapoiangalia migongo ile iliyoinama kwa mpangilio katika picha za Ntiro, naona sababu ya yeye kutochora nyuso. Mifongo mingi sasa imekauka au imepitishiwa mabomba, vihamba vimegawanywa vipande vipande kwa watoto na wajukuu, na watoto wa wajukuu wako Dar es Salaam. Picha hizo zimekuwa kumbukumbu ya namna tulivyoishi, iliyoachwa na mtu aliyeishi maisha hayo.

Wala hakuacha kumbukumbu hiyo kwa brashi peke yake. Mwaka 1953 kilichapishwa kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga, na ukikiweka karibu na picha zake unatambua kwamba mwandishi na mchoraji walikuwa wakishughulikia jambo moja. Baada ya kutoka ubalozini London alilitumikia taifa katika shughuli za utamaduni, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkewe, Sarah Nyendwoha Ntiro wa Uganda, naye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya chuo kikuu, naye anastahili barua yake peke yake.

Najua kwamba leo ukimtaja mchoraji wa Tanzania mbele ya mgeni, jina la kwanza atakalolitamka ni Edward Saidi Tingatinga. Sina nia ya kumpunguzia marehemu huyo heshima yake hata chembe; alianza kuchora mwaka 1968, akauawa kwa risasi mwaka 1972, na kwa miaka hiyo michache aliacha mtindo unaowalisha mamia ya watu hadi leo. Lakini uchoraji wa nchi hii haukuanza mwaka 1968, na mwanafunzi anayefundishwa hivyo ananyimwa nusu ya urithi wake. Tingatinga alipata wafuasi walioendeleza mtindo wake na kuuza picha kando ya barabara, ambako kila mpita njia aliziona. Picha za Ntiro zilikwenda makumbusho, vyuoni na kwa watu binafsi, nyingine ng'ambo, na ndiyo maana zimepotea machoni mwetu.

Kwa hiyo ninayo maombi. Wenye picha za Ntiro, ziwe zinaning'inia ofisini, chuoni au sebuleni kwa familia, wakubali zipigwe picha vizuri na kuandikiwa jina, mwaka na vipimo, kabla unyevu na mchwa havijazimaliza. Makumbusho ya Taifa yaandae maonyesho yake, na yasiishie Dar es Salaam bali yapande hadi Moshi na Machame, ambako wazee wanaoweza kutaja kila kazi iliyochorwa bado wapo. Waliokaa katika madarasa yake Makerere na Dar es Salaam waandike wanayoyakumbuka, hata kama ni ukurasa mmoja. Na wewe, Mhariri, nakuomba utafute kibali uchapishe walau picha yake moja kwa rangi katika toleo la Jumapili, ukubwa wa nusu ukurasa, ili walimu wa sanaa waikate na kuibandika darasani.

Wako katika kuenzi sanaa,
Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Moshi