Punda na Mtoto Anayemswaga: Risala ya Vijana wa Usharika kwa Mgeni Rasmi, Sikukuu ya Mavuno

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wazazi na wageni waalikwa, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuungana nasi. Mwaka huu tumeomba ruhusa tusisome orodha ya mafanikio kama ilivyo desturi, bali tukueleze jambo moja ambalo bila shaka umepishana nalo njiani: punda wa maji wanaopanda kilima kutoka kisimani.

Kila punda hubeba madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80, na kwa kuwa wengi hawana matandiko, kamba hukaa juu ya mgongo mtupu hadi ikachimba kidonda. Mmoja tuliyemwosha kwa maji ya chumvi mwezi Agosti alikuwa na jeraha pana kama kiganja, limejaa nzi, na siku hiyo alikuwa amekwisha kupanda mara tatu. Aliyemswaga ni mtoto wa miaka 12, mwanafunzi wetu wa Kipaimara, ambaye huahidiwa ujira mwisho wa mwezi na mara nyingine hapewi. Tulikwenda kumhurumia punda, tukarudi tunamzungumzia mtoto.

Ndipo tuliposoma upya Kutoka sura ya 23. Mstari wa 5 unatuamuru kumsaidia hata punda wa anayetuchukia, akilala chini ya mzigo wake. Wa 6, papo hapo, unakataza kupotoa hukumu ya maskini. Na wa 12 unaweka siku moja ya kupumzika kwa ng'ombe, punda, mwana wa mjakazi na mgeni kwa pamoja. Wapo waliotuambia kwamba hayo ni ya Agano la Kale, na kwamba kazi ya kanisa ni roho za watu, si mifugo. Tunawaheshimu, ila hatukubaliani nao, kwa sababu Bwana Yesu mwenyewe, alipolaumiwa kwa kuponya siku ya Sabato, alianza na ng'ombe na punda wanaofunguliwa zizini wakanyweshwe, ndipo akamtaja binti wa Ibrahimu aliyefungwa miaka 18 (Luka 13:15-16). William Wilberforce naye, aliyepigana katika Bunge la Uingereza hadi biashara ya utumwa ikapigwa marufuku mwaka 1807, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama mjini London mwaka 1824.

Mheshimiwa, nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Pale kisimani hatujakutana na mtu anayezifahamu. Sisi tumeshona matandiko 14 ya magunia yaliyojazwa majani makavu, na hapo ndipo uwezo wetu ulipokomea. Tunakuomba utusaidie saruji ya kujengea birika la kunyweshea, na utuombee kwa afisa mifugo afike walau mara moja kwa mwezi. Zaidi ya hayo, tunakuomba useme na wenye punda, ambao baadhi yao tumeketi nao humu leo, wawalipe watoto madai yao yote kabla shule hazijafunguliwa, kisha wawaache wasome.

Tunaomba kuwasilisha.