Pete kwenye nguzo za kitanda hutoka kwenye droo ya msasa

Mhariri,

Mteja akipelekewa kitanda cha mvule na kuona pete nyembamba zimezunguka nguzo, lawama huangukia vanishi. Fundi naye hulaumu msasa wa bei rahisi. Mara nyingi vyote viwili vinasingiziwa, kwani pete hizo zilianzia kwenye droo.

Tunawaandikia wenye karakana za kukereza mbao, kuanzia Kibuye hapa Kisumu hadi Kakamega na Nakuru. Patasi zina ubao wake ukutani, lakini msasa, kwa kuwa hutumika na kutupwa, hautafutiwi makao. Utaukuta kwenye droo, au chini ya benchi ndani ya mfuko wa simiti, namba 60 imelalia namba 320 (namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa na msasa hukwaruza zaidi).

Seremala wa makabati anasugua kwa kufuata nyuzi za mbao, na mkwaruzo ukibaki hujificha humo. Mkerezaji hana bahati hiyo. Mguu wa meza unapozunguka kwenye mashine, msasa unakata nyuzi kwa kukingama, na chembe moja ya namba 80 iliyonasa kwenye karatasi ya 240 inachora duara kamili. Mbao ikiwa kavu hulioni. Ukipaka vanishi ndipo linajitokeza, na dawa yake ni kurudi chini hadi 120 na kupanda upya, namba kwa namba. (Kila mara kabla ya kupanda namba, zima mashine usugue kidogo kwa urefu wa mbao ukitumia namba uliyonayo. Wengi hawafanyi hivyo, halafu wanashangaa.)

Chembe hizo hubanduka zenyewe karatasi zikisuguana. Kwa hivyo kila namba iwe na rafu yake. Karatasi nzima ina inchi 9 kwa 11. Tengeneza sanduku la mabaki ya plaiwudi ya milimita 6, ndani liwe inchi 10 kwa 12, rafu saba zilizoachana inchi moja: 80, 120, 150, 180, 240, 320 na 400. Jambo linalokosewa sana ni mpangilio. Namba 80 ikae chini kabisa na 400 juu kabisa, ili kinachodondoka kiangukie msasa wa chembe kubwa kuliko ule kilikotoka, siyo msasa laini. Ukingo wa mbele wa kila rafu ukate nusu duara, vidole vipate kushika karatasi bila kuikwaruza ya chini yake. Weka mlango, au hata pazia la plastiki nzito, maana vumbi la mashine halichagui pa kutua.

Kisha kuna vipande. Namba huchapwa mgongoni mwa karatasi mahali pachache tu. Ukiikata vipande vinane vya inchi 2¾ kwa 4½, baadhi hutoka bila namba, na kidole hakiwezi kutofautisha 180 na 240 kwa uhakika. Andika namba kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kukata, siyo baada. Usikate kwa mkasi wala patasi, utaua makali. Funga bledi ya msumeno wa chuma kwenye ukingo wa ubao kwa skrubu mbili, weka washa moja (kibati cha duara chenye tundu) chini ya kila ncha ili karatasi ipenye, kisha ivute kwenda juu. Inachanika ikiwa imenyooka. Vipande viingie kwenye makopo yenye vifuniko, kopo moja kwa namba moja.

Tazama pia kama namba ina herufi P mbele yake. Hadi 220 tofauti ni ndogo. Zaidi ya hapo ni vipimo viwili: P400 ya mfumo wa Ulaya ina chembe za takriban mikroni 35 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), nayo 400 ya Marekani isiyo na P ni takriban 23. P400 inakaribiana na 320 ya Marekani. Anayezichanganya kwenye rafu moja anadhani amemaliza kusugua kumbe bado.

Unyevu ni adui mwingine, hasa sisi tulio kando ya ziwa. Karatasi ya mgongoni hunywa maji ya hewani na kutanuka, upande wa chembe hautanuki, na msasa unajikunja kuelekea usoni. Ule uliogandishwa kwa gundi ya wanyama hulainika na kumwaga mchanga kwa mguso wa kwanza. Upinde kidogo, usugue kwa dole gumba, utaona. Unyevu unaofaa ghala la msasa ni asilimia 40 hadi 50. Hakuna kibanda cha mabati kitakachofika hapo Aprili, lakini sanduku linaweza kuinuliwa sentimita 30 kutoka sakafu ya simiti na kutenganishwa na ukuta wa bati, ambao hutoa jasho usiku. Kuuanika msasa juani au karibu na jiko hakutengenezi kitu, kwa sababu karatasi iliyokauka kupita kiasi hujikunja upande wa pili na kupasuka ukiikunja. Mahali pakavu kama Nakuru mwezi wa Januari, shida ndiyo hiyo. Msasa wa kitambaa huvumilia zaidi, na kwenye mabonde ya mguu wa meza haukatiki upesi.

Vipande vilivyotumika visirudi kwa vipya. Namba 180 iliyochakaa hukata kama 240, na wapo wanaoipenda kwa hiyo, basi ipewe kopo lake. Iliyong'aa itupwe. Msasa butu huchemsha mbao, na joto hupasua nyufa nyembamba kwenye ncha za nyuzi za bakuli. Ikiwa imeziba tu kwa utomvu wa saiprasi, isugue kwa raba laini ya soli ya kiatu.

Msasa uliotoa kutu kwenye kitanda cha mashine usiguse mbao tena. Vumbi la chuma likikutana na unyevu na tanini, kemikali iliyomo kwenye mbao, huacha madoa meusi. Stilwuli, yaani nyuzi laini za chuma za kusugulia, nayo ikae mbali na jiwe la kunolea, maana hushika moto kwa cheche ndogo. Vitambaa vyenye mafuta ya linsidi visirundikwe karibu na sanduku hili kwa sababu hujiwasha vyenyewe. Vianikwe kimoja kimoja nje, au vitiwe kwenye kopo la maji.

Na unapokung'uta sanduku, vaa barakoa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, na vumbi la mvule huwasha pua na ngozi hata kabla ya kufika kwenye saratani.

Kwa wenye maduka ya vifaa tuna ombi moja. Mnapomkatia fundi nusu mita kutoka kwenye rola, mwandikieni namba mgongoni, pamoja na P kama ipo. Msiukunje mara nne ili uingie mfukoni. Mpeni kati ya vipande viwili vya katoni.

Wakerezaji wa mbao,
Kisumu