Kikao cha kumbukumbu za familia: Jumapili saa 10 jioni

Habarini ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi?

Kikao cha Jumamosi kimesogezwa, sasa ni Jumapili saa 10 jioni, hapa hapa kwenye grupu kwa video, saa moja tu halafu kila mtu arudi kwenye mambo yake.

Kabla ya hapo naomba:

1. Kila mtu atume kisa kimoja cha msimu anaoukumbuka, mvua, baridi, jua kali, chochote, kwa voisi ya dakika 2 basi (anko zangu mnajijua 😂). Sio lazima kiwe kikubwa jamani, hata ile furaha ya kulala huku mvua inapiga bati na hakuna anayekuita kazini inatosha kabisa.

2. Picha za zamani zipigeni karibu na dirisha bila flashi, ile flashi inaacha doa jeupe usoni mwa watu, alafu tumeni kama dokumenti maana zikitumwa kawaida zinapungua ubora. Majina nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, msikandamize, wino wa peni unapenya.

3. Walio karibu na bibi wamrekodi akiongea mwenyewe, msimkatize hata akirudia.

Mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa 3 usiku, nahitaji Jumamosi nzima kupanga.

Utakayekuwepo andika NIPO, usiyeweza sema leo, na tafadhali dole gumba peke yake silihesabu.