Ziwa likifungwa samaki wazae, na dawa za mashambani nazo zipimwe

Mhariri naomba nafasi kidogo. Mi nauza dagaa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma na shemeji yangu analima tumbaku Sikonge, kwa hiyo hili jambo nalijua huku na huku.

Mwaka 2024 ziwa letu la Tanganyika lilifungwa uvuvi miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, tukaambiwa samaki waachwe wazaliane. Tulivumilia, vichanja vitupu, marejesho ya mkopo yanadaiwa kila wiki, na sikulalamika maana samaki kweli wamepungua. Ila nauliza, huo muda wa kuzaa tumewapa, je hayo maji wanayozalia yanawaacha wazae?

Nilienda kwa shemeji msimu wa mvua nikakuta vijana wanasuuza mabomba ya kupulizia dawa kijitoni. Maji ya kule yanashuka mto Ugalla, Ugalla inaingia Malagarasi, Malagarasi inamwaga huku kwetu. Na ziwa hili mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga upande wa Kongo, maji mengi yanaondoka kwa kukauka na jua, sasa kinachoingia humu hakitoki leo wala kesho. Shemeji akanionyesha kopo, limeandikwa ni sumu kwa samaki usimwage mtoni. Sawa, lakini hiyo ni sumu ya kuua, samaki akifa si utamuona anaelea. Mi naongelea ile isiyoua, kemikali inaingia mwilini inajifanya homoni, dume yuko hai anaogelea vizuri tu kumbe mwili wake umeanza kutengeneza protini ya kiini cha yai ambayo ni kazi ya jike. Huyo kwa macho hata mvuvi wa miaka arobaini hamtambui, mpaka maabara.

Kuna kitu walifanya Kanada ambacho kila nikikikumbuka nafikiria dagaa wetu. Kuanzia 2001 mpaka 2003 watafiti walitia kwenye ziwa dogo la utafiti ile homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, kidogo mno, kama gramu 5 au 6 kwenye lita bilioni moja ya maji. Sio dawa ya shamba, najua, lakini angalia kilichotokea. Madume wakaanza kutengeneza hiyo protini ya mayai, na kile kisamaki kidogo chenye maisha mafupi kikakaribia kuisha kabisa ziwani, halafu samaki mkubwa anayewala wadogo naye akapungua maana chakula hakuna. Walipoacha kutia, baada ya miaka kadhaa vile visamaki vikarudi. Sasa dagaa wetu naye ni mdogo, maisha yake mafupi, na migebuka anamtegemea yeye. Mizunguko michache tu ya kuzaa ikiharibika sisi wa mwalo tumekwisha.

Na vipimo vya hizo kemikali zinazojifanya homoni vipo jamani, sio ndoto. Samaki wanawekwa kwenye maji yenye dawa siku 21, wanahesabiwa mayai, madume wanapimwa ile protini. Viluwiluwi nao siku 21, wanaangaliwa miguu ya nyuma inaota kwa wakati au imechelewa na tezi ya shingo ikoje, na chura anayetumika dunia nzima ni wa kwetu huku Afrika! Marekani walitunga sheria ya kupima hivi mwaka 1996, amri za kwanza kwa makampuni zikatoka 2009, miaka 13 hapo, matokeo ya kemikali 52 za mwanzo yakatangazwa 2015. Sisi hatuna haja ya kuanza sifuri, njia ya kupima imeshaandikwa.

Ninachoomba, mamlaka ya viuatilifu TPHPA kabla dawa haijasajiliwa muuzaji alete majibu ya vipimo hivyo vya samaki na chura, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili ofisi za vijiji na kwenye vyama vya ushirika huko Tabora ili mkulima naye ajue anachokipulizia. Halafu TAFIRI, wale watafiti wa uvuvi wa serikali, wapo hapa hapa Kigoma, wapewe vifaa na hela wapime madume wa karibu na mdomo wa Malagarasi walinganishe na wa mbali kule Mahale. Wasianze na dagaa, dagaa anatembea sana hutajua kala wapi, waanze na hawa samaki wanaoishi kwenye mawe wasiohama.

Tumbaku sina ugomvi nayo, watoto wa shemeji wanasomeshwa na hiyo hiyo tumbaku. Nataka tu tukifunga ziwa tena niambiwe na hao madume walipimwa, wamekutwaje.

Muuza dagaa,
Kibirizi, Kigoma