Kwa madere na makanga wa steji yetu: hiyo dozi ya TB msiiache katikati

Vijana wangu, naandika hapa juu pale steji hatuwezi kusikizana, kila mtu anaita abiria.

Wiki jana nilipanda gari kutoka Kayole kuingia katikati ya jiji la Nairobi, mvua inanyesha, madirisha yote yamefungwa, na makanga anakohoa kile kikohozi mimi nakijua. Nikamuuliza pole pole. Akaniambia mzee hiyo ilikuwa TB, nilimeza dawa miezi 2 nikapona nikaachana nazo. Usiku huo sikulala vizuri, juu mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka wa 2012 nikiwa dereva, nikarudi kliniki nimekonda mpaka mshipi nautoboa shimo mpya kwa msumari, na nikaanza upya, sindano kila siku kwa miezi 2 na tembe mpaka miezi 8 ikaisha.

Kitu sikuelewa wakati huo ni mahali huyu mdudu anakaa. Anakaa ndani ya askari wako mwenyewe.

Ukivuta hewa iko na yeye, anashuka mpaka kwa vifuko vidogo vya hewa huko chini ya mapafu, na hapo anakutana na seli kubwa za kinga zinaitwa makrofeji, kazi yao ni kumeza kitu chochote kigeni. Askari anammeza, anamfungia kwa kifuko ndani yake, na kawaida hicho kifuko kinaungana na kingine kimejaa asidi na vimeng'enya vya kusaga, bakteria anayeyuka, kesi imeisha. Huyu wa TB anaifunga hiyo njia. Anatoa protini zake zinazuia vifuko viwili visiungane, zinafukuza hata ile pampu ya kuleta asidi, na juu ya hayo ngozi yake ni ya mafuta mazito kama nta. Kwa hivyo amemezwa lakini hajaliwa, ameketi pale ndani anakula mafuta ya huyo huyo askari, hadi kolestro yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na hapa kiko ndani zaidi ya nguo.

Na hana haraka. Kuna bakteria wa tumbo anagawanyika kila dakika 20, huyu anachukua karibu saa 20. Mwili ukishindwa kumuua unaita askari wengine wanamzingira, wanajenga kama boma, na humo anaweza kulala miaka bila wewe kukohoa hata mara moja. Virusi vya ukimwi ndivyo vinabomoa hilo boma haraka, juu vinaua seli zile zinawapa makrofeji nguvu ya kupigana, ndio maana kliniki wakikupata na TB wanakupima na hiyo pia, usikasirike.

Sasa angalia dawa. Miezi 2 ya kwanza unameza dawa 4 ndani ya tembe moja moja, mkojo unageuka rangi ya machungwa, wale wadudu wanaogawanyika wanakufa kwa wingi, kikohozi kinakata, chapati inaanza kuwa tamu tena na unasema niko sawa. Lakini wale wamelala ndani ya askari bado wako, dawa haiwapati kirahisi kama mdudu anayejenga na kuzaana. Miezi 4 inayobaki ni ya hao. Ukiwaachia, wanaamka, na wanaweza kuamka wamezoea dawa, na hiyo TB sugu ni safari nyingine kabisa.

Mambo ya kikombe na kusalimiana kwa mkono msiogope, haiambukizi hivyo. Hewa ndiyo inabeba. Fungueni madirisha hata abiria akinung'unika baridi.

Na wewe kijana wa ile gari, unajijua, sijakutaja. Dawa ni bure kwa hospitali za serikali na hakuna mtu atakugombeza, mimi walinipokea nikiwa nimekosea vile vile. Jumatatu saa 2 asubuhi nitakuwa pale kwa mama wa chai, twende pamoja.