Boila la boti linalogoma asubuhi

Ndugu yangu Idrisa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa watoto. Sisi huku sote wazima. Barua yako nimeisoma na kuirudia, maana jambo lenyewe si la kupuuza: mnalala ndani ya boti, baridi imekaza, na boila la kupasha joto linawaka siku linapotaka. Basi nisikuchoshe kwa maamkizi, niingie kwenye lililokufanya uandike.

Umesema asubuhi feni ya boila inazunguka, cheche zinasikika, moto unashika sekunde chache kisha unazimika. Linajaribu tena na tena, halafu linajifunga kabisa na taa nyekundu inapepesa. Mchana, au ukiwa umeshatembeza injini, linawaka bila ubishi. Fundi amekwambia bodi ya umeme inayoliongoza boila imekufa, ununue nyingine. Usinunue bado. Bodi iliyokufa kwa kawaida haichagui saa. Mashine inayokataa alfajiri na kukubali adhuhuri inakosa kitu alfajiri, na boila lako linategemea vitu viwili kutoka nje: umeme na gesi. Anzia huko, kwenye betri na kwenye mtungi, ndipo uje kwenye boila lenyewe. Watu wengi huanzia mwisho, wanafungua mashine nzima mezani, kumbe ugonjwa uko mita kadhaa kutoka hapo.

Kinachochanganya ni kwamba asubuhi vyote viwili huwa chini kwa pamoja. Betri imekesha ikihudumia taa, friji na pampu ya maji, na hakuna kilichoijaza tangu jua lizame. Mtungi nao umekesha kwenye baridi. Ndiyo maana mtu hubadilisha mtungi, jua likapanda huku akihangaika, boila likawaka, naye akaamini kuwa mtungi ulikuwa mbovu. Kesho yake anarudi pale pale. Vitenganishe. Liache boila ligome alfajiri, kisha washa injini na ujaribu papo hapo. Injini ikizungusha oltaneta, yaani jenereta yake ya kujaza betri, volti hupanda hadi 14 hivi, lakini mtungi unabaki na baridi yake ile ile. Likiwaka, shaka kubwa iko kwenye umeme. Likigoma hata hapo, nenda kwenye gesi.

Kwa ulivyoeleza, mimi nauelekezea kidole umeme.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.7 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Lakini usipime kwenye betri tu. Pima kwenye maungio ya umeme ya boila lenyewe, tena wakati feni inazunguka na cheche zinapiga. Waya usiopitisha umeme haupotezi volti, kwa hiyo ukipima boila likiwa limetulia utaona namba nzuri nayo itakudanganya. Fikiria boila liko mita 8 kutoka kwenye betri. Umeme unasafiri mita 16, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 kwa urefu huo una ukinzani wa omu 0.19 hivi. Feni na pampu zikivuta ampia 5 kwa pamoja, karibu volti 1 nzima inapotelea njiani. Betri iliyosoma 12.2 inalifikishia boila 11.3 au pungufu, na boila la aina hii huwa na kiwango cha chini ambacho likikifikia hujizima, kiwango ambacho mara nyingi hakiko mbali na hapo. Chako kimeandikwa kwenye kitabu chake. Weka waya wa milimita mraba 6 njia ile ile, na upotevu unashuka hadi karibu robo ya volti. Kwenye nyumba ya nchi kavu yenye volti 230, volti 1 ikipotea hakuna anayejua. Kwenye 12 umepoteza sehemu ya kumi na mbili ya ulichonacho.

Sasa kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na ningekuomba ukifanye kabla ya kununua hata skrubu. Weka multimita, kile kipimio cha umeme, kwenye volti za umeme wa betri. Ncha moja igusishe chanya ya betri, nyingine chanya ya boila, huku boila likijaribu kuwaka. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea upande huo. Rudia kwa upande wa hasi. Isizidi sehemu chache za kumi za volti. Ikiwa kubwa, sogeza ncha hatua kwa hatua: baada ya fyuzi, baada ya swichi, baada ya kila kiungo. Inaporuka namba ndipo penye ubovu. Mara nyingi utakuta kishikio cha fyuzi kimeota kutu ya kijani, au kiungo kilichobanwa kwa koleo kikaachwa wazi, na unyevu wa botini ukakila polepole. Upande wa hasi usiupite haraka. Watu huusahau, kisha wanashangaa mwezi mzima.

Huo upande wa hasi una jambo lingine. Boila la kisasa halitazami moto kwa jicho. Moto hupitisha umeme, na bodi hutuma umeme mdogo mno, wa maikroampia, kutoka kwenye elektrodi, kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya moto, kupitia kwenye moto, hadi kwenye chuma cha bana, pale gesi inapowakia, na kurudi. Ikiupata, inajua moto upo. Isipoupata ndani ya sekunde chache inafunga gesi, hata kama moto ulikuwa unawaka vizuri kabisa. Kwa hiyo dalili yako, moto kushika kisha kuzimika, inaweza kutokana na elektrodi iliyopakwa masizi, kauri yake iliyopata ufa, au waya wa ardhi uliolegea. Kusafisha elektrodi ni kazi ndogo, lakini iko ndani ya chumba cha moto kilichofungwa kwa gasketi, na chumba hicho hakifunguliwi na mtu asiye na cheti cha gesi za botini. Wewe kaza waya wa nje, hayo mengine mwachie mwenye kazi yake.

Tuje kwenye mtungi. Umesema mtungi bado mzito, kwa hiyo gesi ipo. Uzito unaonyesha gesi imo, ila hauthibitishi kwamba inatoka. Ndani ya mtungi gesi imelala kama maji, na ili itoke lazima ichemke. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, basi baridi ya kawaida haiisumbui. Butani huchemka karibu kabisa na sifuri yenyewe, hivyo usiku wa barafu unaweza kuwa na mtungi uliojaa butani usiotoa chochote. Penye mchanganyiko wa zote mbili, propani hutangulia kutoka kwa wingi, na kadiri mtungi unavyoshuka ndivyo inayobaki inavyozidi kuwa butani. Mtungi ule ule uliowasha vizuri ulipokuwa mpya unaanza kugoma ukifika nusu. Isitoshe, kuchemka kunachukua joto kutoka kwenye mtungi wenyewe, ndiyo maana ukitumia gesi nyingi kwa mfululizo unaona jasho au barafu imeuzunguka kiunoni. Kama hukuwahi kusoma kilichoandikwa kwenye mtungi wako, usome leo. Kwa mtu anayeishi botini majira ya baridi, propani tupu ndiyo chaguo langu, bila kusita.

Ila usibadilishe aina ya gesi bila kutazama kibati cha boila na regulata, yaani kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi inayotoka kwenye mtungi. Kwenye mifumo mingi ya Ulaya propani huhitaji shinikizo la milibari 37 na butani 28 hadi 30, na iko mifumo iliyowekwa milibari 30 kwa zote mbili. Regulata, mtungi na boila lazima vikubaliane. Kipimo cha shinikizo hufanywa kwa manomita, kipimio cha shinikizo la gesi, boila na jiko vikiwaka pamoja, na hiyo ni kazi ya fundi. Wewe unaweza kufanya la kirahisi: washa mafiga yote ya jiko, kisha mwache mwenzako aliwashe boila. Mafiga yakinywea gesi inapoanza kuingia kwenye boila, gesi haifiki ya kutosha, na regulata iliyozeeka au mpira uliopindwa uko kwenye orodha ya washukiwa. Usiutie mtungi moto wa aina yoyote ili uchangamke. Nimewasikia wanaofanya hivyo, na inanitisha.

Hapa naomba uniache niseme kwa nguvu, kwa sababu nawapenda na kwa sababu nyumba yenu ni beseni. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja kwenye nyumba ya kawaida huenda ikatokea chini ya mlango. Ikivuja botini inashuka hadi kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kukaa humo, haina pa kutokea, na asilimia 2 tu ya propani ndani ya hewa inatosha kulipuka. Gesi hutiwa dawa ya harufu ili mtu aisikie, lakini pua zenu ziko juu na gesi iko chini ya sakafu. Kwa hiyo mukisikia harufu, hata hafifu: fungeni mtungi, zimeni kila moto, fungueni madirisha na milango, tokeni wote. Msiguse swichi yoyote, na hasa msiwashe pampu ya ngama, maana cheche yake inazaliwa pale pale gesi ilipo. Kiwango cha kimataifa cha mifumo hii, ISO 10239, kinataka sanduku la mitungi lisiwe na uwazi wa kuingiza gesi ndani ya chombo, na liwe na tundu la kuimwaga nje. Lako lichungulie leo. Mara nyingi tundu hilo utalikuta limezibwa na kamba, majani au matambara yaliyowekwa humo kwa muda yakasahaulika. Viungo vya mpira vipime kwa povu la sabuni, kisha vipanguse kwa maji safi.

Na mnahitaji ving'ora viwili tofauti, kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Cha gesi ya mtungi hukaa chini, karibu na ngama, juu kidogo ya maji yanapoweza kufika. Cha kaboni monoksidi hukaa juu, mahali mnapolala, na kiwe cha kiwango cha EN 50291-2 ambacho kimetungwa kwa vyombo kama boti. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hudhani ni mafua, hulala. Moto wa boila ukionekana wa njano badala ya buluu, au masizi yakionekana kwenye dohani, usiliwashe tena mpaka fundi alione. Kagua pia mdomo wa dohani na njia ya hewa, kwa sababu buibui hupenda kutanda humo boila linapokaa msimu mzima bila kuwashwa, na utando mdogo unatosha kuuharibu moto.

Uliniuliza pia kuhusu redieta ya chumba cha omo (upande wa mbele wa boti), chumba cha watoto, ambayo haipati joto hata boila linapowaka. Hiyo ni hewa. Botini hewa inahama. Tangi lenu la maji safi liko omo. Likijaa, omo inazama, na likipungua, omo inainuka, na pale palipokuwa chini kwenye bomba panakuwa juu. Hewa inapanda hapo na kukata mzunguko. Zima boila na pampu, subiri maji yapoe, kisha toa hewa kwenye redieta hiyo tangi likiwa karibu tupu, omo ikiwa juu kuliko kawaida. Halafu tazama kitangi cha kujazia na uongeze maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, sio maji matupu. Ukisikia boila linanguruma ndani kisha linajizima baada ya dakika chache, ni maji yasiyozunguka, yanachemkia humo humo, na kinga ya joto kali inafanya kazi yake. Kinga hiyo usiifunge waya ili kuipita, hata kama kuna atakayekuonyesha jinsi ya kufanya.

Nijibu upesi unipe haya: volti kwenye boila wakati cheche zinapiga, volti zinazopotea upande wa chanya na wa hasi, jina la gesi lililoandikwa kwenye mtungi, na milibari zilizoandikwa kwenye regulata na kwenye kibati cha boila. Uniambie pia kama liliwaka injini ilipowashwa alfajiri. Nikiwa nayo hayo tutajua kama ni waya, mtungi au elektrodi, na huyo fundi utamwita ukijua unamwitia nini. Mpaka hapo, lisipowaka mara ya pili liacheni, msilibonyeze na kulibonyeza, na watoto wahamie chumba cha kati chenye joto.

Nisalimie wote.

Wako,
Rehema